Ngiri Aliyepiga Meza

Mnanisumbua niwasimulie habari za Ngiri huku maharage yangu yanaungua. Haya, chocheeni moto basi, mkae kimya.

Ngiri alianza na udiwani. Alizibua mitaro ya kata kwa meno yake mwenyewe, na wanyama wakampenda hivyo hivyo na matope yake, wakampeleka bungeni. Lo! Huko akakuta viti vinavyozunguka. Akazunguka mpaka akapata kizunguzungu, akajifunza kazi moja tu: wenzake wakipiga meza, naye apige.

“Baba Watoto, huulizi mnapigia nini?” mkewe akamwuliza.

“Hayo ni mambo ya waheshimiwa.”

Siku moja Ngiri alishiba wali wa kantini, akasinzia. Fisi akasimama, akatoa hoja kwamba mashimo yote ya ngiri yawe ya fisi. Spika Kongoni akasita, akauliza, “Wanaoafiki?” Fisi wote wakapiga meza. Ngiri akagutuka, akaruka juu ya meza, akaitwanga kwa kwato zote nne. “Ndiyo! Ndiyooo!”

“Mwenye shimo mwenyewe kakubali,” akasema Spika. “Imepita.”

Jioni Ngiri alimkuta Fisi amejinyoosha kitandani mwake, na mkewe na watoto saba wako nje kwenye manyunyu.

“Piga meza basi, Mheshimiwa,” mkewe akamwambia, “tuone kama shimo litarudi.”

Ngiri akamwangukia Fisi miguuni. Fisi akawaruhusu walale mlangoni, ila si bure. Tangu hapo, kila alfajiri Mheshimiwa hutoa nje mifupa aliyoiguguna Fisi usiku, kisha humkuna mgongo mpaka aseme basi.