Bampa ya Nguvu

Fundi alikuwa akichomelea bampa nzito ya chuma kwenye pikapu ya Runji wakati bibi kizee alipoingia gereji, hapo Timau, akiburuta ekseli ya mkokoteni iliyopinda.

Runji alimtambua papo hapo. Juzi asubuhi Runji alimgonga punda wa bibi huyu aliyekuwa akivuta mkokoteni, akaenda zake bila kusimama. Kwenye kioo cha pembeni alimwona amebaki barabarani, ameshika kipande cha kamba.

"Karibu, cucu," fundi alisema. "Na punda?"

"Alikufa. Ukungu ulikuwa mwingi, gari lenyewe hata sikuliona vizuri."

Fundi alimgeukia Runji. "Hata wewe ulileta pikapu hii ikiwa imebonyea mbele. Uligonga nini?"

Manyoya ya kijivu yalikuwa bado yamenasa kando ya taa. Runji alisogea akayaziba kwa mwili wake.

"Nyati."

Bibi alimkaribia, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimepasukapasuka kwa baridi.

"Pole sana, mwanangu. Wewe hukuumia?"

Runji alihisi uso ukiwaka. Alitaka kuuvuta mkono wake, akashindwa.

"Cucu," alisema, macho chini, "hakuwa nyati."