Buku na Jibu la Bi Nungunungu

Wanyama wa chini ya ardhi walikuwa na njia moja tu ya kufikia ghala lao, nayo ilikuwa nyembamba. Mbeba viazi alikuwa Buku, yule panya mkubwa. Mtunza ghala, Bi Nungunungu, alitaka kila kiazi akikague, akipange, ndipo aseme, "Nimepokea." Buku alisimama akisubiri huku mgongo ukimuuma, na nyuma yake Fuko na Kicheche wamekwama wakinung'unika.

Siku moja akasema, "Bibi, nimechoka. Kusubiri kunanimaliza kuliko mzigo. Niache viazi mlangoni niende zangu, utavipanga ukipata nafasi."

Bi Nungunungu akakubali. Njia ikawa wazi, na ghala likajaa mapema.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, mto ukafurika. Buku alikimbia hadi ghalani, Bi Nungunungu alikolala na wanawe, akaita mlangoni, "Maji yanakuja! Watoe watoto!" Akageuka kuondoka kama alivyozoea. Ndani kulikuwa kimya. Wenzake walishakimbilia juu, maji yamemfika tumboni, na miguu ilikuwa mizito kwa uchovu. Hata hivyo alirudi, akasimama pale akiita na kuita, mpaka Bi Nungunungu akazinduka usingizini na kujibu, "Nimesikia!"

Walipofika kilimani, watoto wakitetemeka lakini wazima, Bi Nungunungu akamuuliza, "Si wewe uliyechoka kusubiri jibu?"

"Hata sasa nimechoka," Buku alisema akijilaza. "Lakini kiazi kikipotea, Bibi, nitabeba kingine. Mtoto je?"