Kuruta wa Kadzo

Kola ya shati ilikuwa imeanza kutoa moshi, na Tsofa, mkono juu ya pasi, alikuwa akimwangalia paka dirishani.

"Pasi!" Kadzo akapiga kelele.

Tsofa akaiinua. Alama ya kahawia ilikuwa imeshajichora kwenye kola, mahali ambapo hata kipofu angeiona. Lilikuwa shati la pili wiki hiyo.

Ilikuwa Jumatano. Jumapili asubuhi basi lingeondoka Mwembe Tayari kwenda bara, na Jumatatu ndiyo siku ya kuripoti chuo cha kijeshi. Barua ya mwito ilikuwa imechomekwa kwenye fremu ya kioo, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo yake inakaribia kukatika. Nafasi hiyo ilisakwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza waliitwa wengine, wa pili daktari akakataa jino, wa tatu ndio huu. Mwakani umri utakuwa umepita, na hapo hakuna wa kumlilia.

Kadzo alikuwa ameapa mbele ya Tsofa mwenyewe. Ikifika Jumamosi jioni naye hawezi kuamka bila kuamshwa, kutandika kitanda, kufua, kupiga pasi na kupika chakula kinacholika, basi safari haipo.

"Kuanzia Jumapili hakuna wa kukufulia," alisema, akilikung'uta shati. "Hilo umelifahamu?"

"Nimelifahamu, afande."

Afande! Ndilo jina alilompachika tangu mazoezi yaanze, na Kadzo naye, kwa hasira, akawa anamwita kuruta. Makuruta wengi ni wazito mwanzoni, lakini huyu uzito wake ulikuwa unaongezeka kila kukicha.

Alhamisi alfajiri walitoka kukimbia, kutoka Ngome ya Yesu hadi Makupa na kurudi. Kadzo alikwenda, akafika, akarudi amelowa jasho, akamkuta Tsofa palepale alipomwacha, ameketi chini ya ukuta wa ngome, kikombe cha kahawa mkononi, anapiga soga na muuza kahawa.

"Goti," Tsofa alisema.

"Jana lilikuwa mgongo."

"Mgongo umepona. Sasa ni goti."

Ijumaa walikwenda Biashara Street kununua mashuka mawili meupe yaliyoandikwa kwenye orodha ya chuo. Kazi ya dakika tano. Tsofa akashika moja, akalinusa, akasema huu si weupe, akaletewa jingine, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaanza na mwenye duka mjadala mrefu kuhusu pamba ya zamani na pamba ya siku hizi. Waliendelea hivyo mpaka duka likafungwa kwa swala ya Ijumaa. Wakarudi Mji wa Kale mikono mitupu, Kadzo mbele, hataki hata kumtazama.

Riyadh, fundi cherehani aliyepanga chumba cha chini, aliwaona wakipanda ngazi bila kusemezana. Akacheka.

"Kadzo, samaki hukunjwa angali mbichi. Huyu amekwisha kauka. Utamvunja bure!"

Kadzo hakucheka. Alasiri alirudi dukani peke yake, akanunua mashuka.

Jumamosi jioni ukawa ukaguzi. Kitanda kilitandikwa kana kwamba kuna mtu bado amelala ndani yake. Fulana nyeupe zilikuwa zimefuliwa pamoja na soksi nyekundu, na sasa zote zilikuwa za waridi. Halafu likaja sufuria la mchuzi wa papa. Kadzo alionja kijiko kimoja. Chumvi ile ingeweza kumfufua papa akarudi baharini.

Akaisukuma sahani. Alitaka kulia, na alijichukia kwa kutaka kulia kwa sababu ya mchuzi.

"Safari hii huitaki," alisema. "Sema tu. Wiki nzima unanichezea, nami nakufuata nyuma kama mjinga."

Tsofa aliinamia ugali wake, akaumega, akauacha sahanini.

"Basi. Haendi mtu."

Akainuka, akaichomoa barua kwenye kioo, akaitupa mezani, akaingia chumbani kwake na kuufunga mlango.

Alipoamka saa kumi na moja alfajiri, kwanza alidhani harufu ile inatoka kwa jirani. Akafungua mlango. Kitanda cha Tsofa kilikuwa kimetandikwa, shuka limevutwa mpaka halina mkunjo hata mmoja. Shati limenyooka begani mwa Tsofa, kola imesimama. Mezani palikuwa na mbaazi za nazi na mahamri ya moto. Kadzo alionja akiwa amesimama, akitafuta kosa. Hakulipata. Sanduku jeusi la bati lilikuwa mlangoni, limefungwa kufuli, barua juu yake.

"Kumbe unaweza?"

"Kula, afande. Basi halimngoji mtu."

Walipofika Mwembe Tayari abiria walikuwa wameshaanza kupanda, na konda alikuwa akihimiza mizigo. Tsofa akalisukuma sanduku ndani ya buti la basi, akajinyoosha polepole, akatoa tiketi mfukoni na kuiweka katika kiganja cha Kadzo.

"Haya yote nayajua tangu hujazaliwa, mwanangu. Nilikuwa nakuchelewesha tu," alisema. "Haya, panda, kabla babako hajalia mbele za watu."