Rangi ya Kucha

Bodi ya umeme ya mashine ya kumsaidia mke wa Sudi kupumua ilikuwa imeungua, na nyingine haikupatikana mjini. Sudi alichukua kibao chake cha mwisho chenye shaba upande mmoja, akachora njia za umeme za bodi mpya kwa rangi ya kucha ya mkewe, mistari isigusane hata kidogo. Akakilaza kwenye bakuli la tindikali, ili shaba isiyopakwa rangi iliwe.

“Baba Rukia, niinue,” mkewe aliita kwa shida.

Alimwinua, akamshikilia mpaka kikohozi kikatulia. Aliporudi, tindikali ilikuwa imekula hadi chini ya rangi. Mistari ilielea, myekundu, bila shaba.

“Rangi yangu imefaa?”

“Imefaa, Mama Rukia.”

Ndani ya bakuli, mistari ilijikunja taratibu, ikaanza kugusana.