Tonge la Kwanza

Mtoto wa kaka yangu alifika kwangu Bweri kwa miguu kutoka ufukweni, akikimbia jeshi lililowasambaratisha waasi wenzake ng'ambo ya ziwa. Nilimpa maji akanawa. Nikampakulia sato na ugali wa unga nilioupangia foleni.

Kwetu, mtu akishakula kwako huwezi kumkabidhi kwa wanaomtafuta. Alilijua hilo.

"Mume wangu Twalib alikwenda huko kuuza nguo, hakurudi," nilimwambia. "Ulimwona?"

"Kikosi chetu kilitaka wageni wote wauawe, shangazi. Twalib nilimwonyesha mimi. Hakuwaga wa kwetu yule. Wewe ndio damu yangu."

Shati alilovaa alishonewa na Twalib. Niliitambua kola, imepigwa mishono miwili.

Alikata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba. Kabla halijafika mdomoni nilimkamata mkono. Nikamfungua vidole kimoja kimoja, nikalichukua tonge, nikalirudisha kwenye sahani.

"Shangazi, nina njaa."

"Najua," nikamwambia. "Lakini kwangu hujala."

Nikatoka uani, nikawapigia majirani yowe.