Kipande cha Dada

Dada alifariki Jumanne asubuhi. Wiki iliyofuata nilikwenda maabara kuchukua kipande cha titi lake walichokihifadhi kwenye nta, nikakizike alipo.

“Chungulia kwanza, kaka,” mtaalamu alisema, akinisogezea hadubini.

Niliona vidoa vya kahawia, vingi kama ufuta, kimoja katikati ya kila seli. Nilivua kofia.

“Hiyo ni protini inayowasha jeni. Kingamwili zetu za kupimia saratani zimeinasa na kuitia rangi. Chupa mpya ya kingamwili ikija tunaijaribu kwanza kwenye kipande cha dada yako. Isipoiona kwake, ni mbovu, tunaitupa.”

“Hata sokoni hakuna aliyemdanganya,” nilisema.

Nilikunja fomu ya kumchukua, nikaitia mfukoni.

Sasa kila chupa hupitia kwake kabla ya kutumika kumpima mgonjwa yeyote.