Mnunuzi wa Jumapili

Herman alikuwa amelala chali chini ya gari jekundu, akigongagonga chuma asichokijua jina. Aliguna kama fundi, akajikokota nje na vumbi mgongoni.

"Springi si mbaya," alisema. "Ila kwa barabara ya Kidahwe, sijui."

Mama Dunia, mwenye gari, alimsogezea kigoda na kikombe cha chai. Alisema hata yeye barabara hiyo ilimtia shaka, kwa hiyo afadhali leo wazungumzie magurudumu kabla ya kitu kingine chochote.

Lilikuwa gari la spoti la viti viwili, fupi kiasi kwamba kuku walilipanda bila taabu. Mbelgiji mmoja aliyekimbia vurugu za Kongo alivuka nalo ziwa, akamwachia Marselino, fundi wa meli, kisha akapanda treni na hakurudi tena. Aliliacha na makorokoro yake yote: paa la turubai na paa gumu, ringi za spoki na ringi za kawaida, redio, hata kichanja cha mizigo. Marselino alipofariki, mjane wake, Mama Dunia, alibaki nalo uani, mtaa wa Mwanga, Kigoma.

Herman hakuwa na fedha za kulinunua. Kibaya zaidi, hakujua kuendesha. Alikuwa karani wa ofisi ya ardhi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Bukoba, mseja aliyekwisha kuvuka umri wa kuulizwa ataoa lini. Jumapili baada ya misa alikuwa akikaa chumba hiki cha nyumba ya serikali, akachoka, akahamia kile, mpaka giza liingie. Upweke ulimuuma hasa. Siku aliposikia habari za gari alikwenda kulitazama tu, na akapewa chai.

Mtaani pale mwanamume asiye ndugu haingii uani kwa mjane bila shughuli. Majirani wangewasema mpaka kanisani. Lakini mnunuzi ana shughuli yake. Tena kitu kikubwa hakinunuliwi kwa kikao kimoja, na asiye na haraka ndiye anayehesabiwa kuwa mnunuzi kweli. Basi Herman akawa mnunuzi wa kila Jumapili.

Masika nzima waliijadili habari ya paa. Turubai linapitisha hewa, ila linaoza. Paa gumu linazuia vumbi na kupandisha thamani, ila mchana wa Kigoma utakuivisha humo ndani. Kila Herman alipokata shauri, Mama Dunia alipata wasiwasi mpya, wakaanza upya. Ikaja zamu ya redio: ihesabiwe pamoja na gari au iwe na bei yake? Hilo nalo likawamalizia wiki kadhaa. Habari za injini hazikuguswa. Herman alishukuru kimoyomoyo, akidhani kuwa mama wa watu, kama yeye, hajui lolote kuhusu injini.

Walitaniana pia. Mama Dunia alimwambia ataitwa bepari, anunue gari la watu wawili wakati nchi nzima inahimizwa kuishi pamoja. Herman akasema kiti cha pili atakipakia gunia la mihogo ya Simbo, aonekane mkulima. Mama Dunia alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Binti yake, Dunia, alikuwa ameolewa ng'ambo ya ziwa, Kalemie, na nyumba ile haikuwa na mtu mwingine wa kuchekesha.

Jumapili moja Herman alikuta ukuta wa jiko la uani umeanguka kwa mvua. Mama Dunia alikuwa anapikia nje, chini ya kipande cha bati, anakohoa kwa moshi. Herman alipouliza atajenga lini, alijibu tu kwamba ipo siku, akammiminia chai.

Chai ile hakuinywa. Herman alijiona mwizi. Mwanamke huyu anangoja fedha, na yeye anawafukuza wanunuzi kwa kukaa tu pale, maana mji mzima unajua gari lile lina mtu. Aliwaza wiki nzima. Aliogopa zile Jumapili za kuhamahama vyumba, aliziogopa kweli, lakini mwisho aliona aibu zaidi kuliko alivyoogopa.

Alikwenda Ujiji kwa Feliksi, mfanyabiashara wa dagaa aliyependa kuonekana. Alilisifia gari kwa moyo wote, na kila sifa ilimchoma. Feliksi alisema fedha anazo, na akilipenda anaondoka nalo siku hiyohiyo.

Jumapili iliyofuata waliingia uani pamoja.

"Mama Dunia, nimekuletea mnunuzi," Herman alisema, macho chini. "Mimi sina fedha. Hata kuendesha sijui. Nisamehe, dada yangu."

Mama Dunia aliitua birika chini polepole.

Feliksi hakuuliza habari za paa wala redio. Alikwenda moja kwa moja kwenye boneti, akaifungua, akainama. Humo ndani aliona majani yaliyoota ardhini.

"Mama, injini iko wapi?"

"Iko Ilagala, kwenye boti," alijibu Mama Dunia. "Niliiuza nilipomzika mume wangu, kabla huyu Herman hajakanyaga hapa."

Feliksi aliangua kicheko, akaibamiza boneti, akaondoka huku akiwasimulia majirani waliokuwa wamekwisha kujaa uani. Herman alibaki amesimama kando ya gari, mikono haijui pa kukaa.

Mama Dunia alimgeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi nilikudai nini? Huyu umemleta wa nini? Sasa Jumapili utakuja kununua nini?"